Msaidizi Asiyesikia Vizuri Anyamaze

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja ashike daftari lake.

Leo tutajifunza jinsi mitambo isiyotumia waya inavyosaidiana kupeleka habari. Tuanze na mfano.

Mganga wa zahanati yuko ng'ambo ya bonde. Anakuita: "Mpe mtoto vidonge viwili." Ni mbali, na upepo unavuma. Katikati, juu ya kilima, yuko jirani yako. Jirani aweza kukusaidia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza, anaelekeza kipaza sauti upande wa mganga. Lakini kipaza sauti hakichagui. Kinakuza maneno, na kinakuza upepo pia. Setelaiti ya Telstar, iliyorushwa Marekani mwaka 1962, ilifanya kazi hivyo: ilipokea mawimbi, ikayakuza, ikayarudisha duniani.

Njia ya pili, jirani anasikiliza, anaelewa, kisha anasema upya kwa sauti safi. Upepo unabaki nyuma. Je, njia hii haina hatari? Inayo. Akisikia "vinane" badala ya "viwili," atakuambia "vinane" kwa sauti safi kabisa. Nawe utaamini. Mtoto ataumia.

Basi, dawa yake ni nini? Mtambo unaotuma habari huongeza mwishoni tarakimu za ukaguzi. Mtambo wa kati hupiga hesabu upya. Hesabu ikilingana, hupeleka habari mbele. Isipolingana, hunyamaza, na mtumaji hurudia mwenyewe. Mwaka 2004, wataalamu Laneman, Tse na Wornell walionyesha kwamba msaidizi wa njia ya pili, akilazimishwa kupeleka kila mara, huharibu faida ya kuwa na njia mbili. Akipeleka tu anapokuwa amesikia vizuri, faida hurudi.

Faida gani? Andikeni hesabu hii. Tuseme sauti ya mganga hukosa kukufikia mara 1 katika kila 10. Sauti inayopitia kwa jirani nayo hukosa mara 1 katika 10. Ikiwa kukosa kwa moja hakutegemei nyingine, zote mbili zitakosa pamoja mara 1 tu katika 100.

Neno la mwisho. Kilimani yuko jirani mmoja, na waitaji ni wengi. Wote wakiita pamoja, hatamwelewa hata mmoja. Kwa hiyo mitambo hupewa zamu, au kila mmoja hupewa mawimbi yake.

Swali la kujadili darasani: umetumwa ujumbe na hukuusikia vizuri. Je, utaubuni, au utarudi kuuliza? Jibuni kwa sentensi tatu, na mwandike kwa mkono wenu wenyewe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.