Samaki Mkunje Angali Mbichi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya namna viongozi wa vyama vya hiari wanavyoweza kusikilizwa na Serikali. Wengi wetu tuliomo ukumbini tunaongoza vyama hivyo: vituo vya yatima, vikundi vya walemavu, mifuko ya kusomesha wasichana. Na lawama ninayoisikia kila tukutanapo ni moja, kwamba Serikali haisikii. Mimi ni mtumishi wa umma, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema kwamba Serikali husikia, ila ina majira yake ya kusikia. Asiyeyajua majira hayo hupanda mbegu wakati wa kiangazi.

Mwaka wa fedha wa nchi yetu huanza tarehe 1 Julai. Bunge hukaa Dodoma kuanzia Aprili kuyajadili makadirio. Wengi hudhani huo ndio wakati wa kupeleka maombi. Sivyo, ndugu zangu. Miezi mingi kabla ya hapo Hazina hutoa mwongozo wa bajeti, na halmashauri huanza kukusanya mahitaji. Yatoka vijijini na mitaani, yapita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, yafika kwa wakuu wa idara, kisha Baraza la Madiwani. Huko ndiko samaki angali mbichi. Ajaye kubisha hodi mwezi Juni hupewa kiti, husikilizwa kwa adabu, na hurudi nyumbani mikono mitupu.

Nitatoa mfano. Mama mmoja, kiongozi wa kikundi cha wazazi wa watoto viziwi, alifika ofisini kwetu mwezi Juni na barua ndefu ya malalamiko. Kila neno lilikuwa la kweli, lakini mafungu yalikwisha kupangwa. Mwezi Oktoba alirudi na karatasi moja tu. Ilionyesha idadi ya watoto kata kwa kata, umri wao, wangapi wanasoma na wangapi wako nyumbani, shule ipi inaweza kuwapokea, na vitanda na vifaa vinavyotakiwa pamoja na gharama zake. Karatasi ya namna hiyo ni neema kwa ofisa, kwa sababu imemfanyia nusu ya kazi. Vitanda na vifaa viliingia katika makadirio. Ombi la walimu halikuingia, maana kuajiri walimu kuko nje ya uwezo wa halmashauri. Mama yule hakugombana na mtu. Aliuliza mlango wa ombi hilo uko wapi, akaenda kwa mbunge wake na karatasi ile ile.

Basi jambo la kwanza ni kuwahi, la pili ni kuujua mlango. La tatu ndilo tunalolisahau mno, nalo ni kutoondoka baada ya kukubaliwa.

Mwaka 2018 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike. Waliokuwa wamelipigania jambo hilo walishangilia, na walistahili. Lakini katika bajeti ya mwaka 2019/20 kodi ile ilirudishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei madukani haikushuka, na kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Tujiulize: kama kila wilaya ingekuwa na kikundi kinachoandika bei ya duka kwa duka kila mwezi, mjadala ungekuwaje? Ingejulikana wapi bei imeshuka, wapi haikushuka, na nafuu imebaki mfukoni mwa nani. Daftari la shilingi chache lingeweza kuitetea hoja iliyogharimu miaka ya kampeni.

Iko pia milango ya sheria. Muswada unapofikishwa Bungeni, kamati husika huwaita wadau watoe maoni. Yafaa kwenda na maneno halisi ya kifungu unachotaka kibadilishwe, si manung'uniko. Na pale ofisi zinaposhindwa, mahakama ipo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana na Bibi Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18 vilikwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2023 vifungu hivyo vilikuwa bado havijarekebishwa. Hukumu nayo yahitaji watu wa kuifuatilia.

Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo moja la nyumbani kwetu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inatudai taarifa ya kazi ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Anayeidai Serikali uwazi huku daftari lake amelifungia kabatini atajibiwa kwa swali moja tu, na atanyamaza. Kadhalika, msifike na bahasha. Chama kilichoingia kwa bahasha kitatakiwa bahasha kila siku, na maskini hawana bahasha.

Wadogo zangu wanafunzi, jifunzeni kuhesabu sawasawa na kuandika barua ya ukurasa mmoja. Someni bajeti ya halmashauri yenu kama msomavyo matokeo ya mpira. Kumbukeni kwamba mtoto aliyekosekana katika makadirio ya mwaka huu hukosa mwaka mzima wa shule, na mwaka huo harudishiwi.