Pumu Baada ya Kifua Kufunguka: Utando wa Njia ya Hewa na Mazingira ya Simiyu



Mgonjwa wa pumu hufika zahanati kifua kimembana, hupewa salbutamoli ya kuvuta, misuli ya mirija hulegea, naye hurudi nyumbani. Tunaandika amepata nafuu. Mada yangu inahusu kinachoendelea ndani ya mirija hiyo akishaondoka.

Mirija ya hewa imetandikwa kwa ndani utando wa seli zilizoshikamana. Nyingi zina vinyweleo vinavyosukuma ute na vumbi kuelekea kooni. Nyingine hutengeneza ute wenyewe. Chini kabisa zipo seli mama. Sehemu ikichubuka, seli za jirani hujibapa na kutambaa juu ya jeraha katika muda wa saa chache. Kisha seli mama huzaana, na baada ya siku au wiki kadhaa zinazokomaa huota vinyweleo. Kwa mwenye afya, kazi huishia hapo.

Kwa mwenye pumu haiishi. Seli zake hazishikani imara, hubanduka kwa mafungu ambayo huonekana kwenye makohozi kwa hadubini. Zilizojeruhiwa huita seli za kinga. Kinga huleta uvimbe, na uvimbe huchubua upya. Pengo huzibwa zaidi na seli za ute kuliko zenye vinyweleo, na chini ya utando hurundikana nyuzi za kovu. Kovu hilo limeonekana hata kwa watoto.

Sasa tuiangalie hewa ya kwetu Simiyu. Pamba ikianza kuuzwa, maghala na viwanda vya kuchambua hapa Bariadi hujaa vumbi lake. Kiangazi kinakuja na vumbi la barabarani. Jikoni, mama na mtoto aliye mgongoni wanavuta moshi wa kuni au mabua ya pamba asubuhi na jioni. Utando ambao ungehitaji wiki kadhaa kukomaa haupati hata siku moja ya kupumzika.

Ndiyo maana sikubaliani na mazoea ya kumpa mgonjwa salbutamoli pekee. Hiyo hulegeza misuli, uvimbe hauguswi. Beklometasoni au budesonidi ya kuvuta ndiyo hutuliza uvimbe na kuupa utando nafasi ya kurudisha vinyweleo, ikitumiwa hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 ulisema wazi: kijana au mtu mzima asitibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake.

Mtoto asiyeweza kuvuta pampu ya dawa moja kwa moja atobolewe chupa ya maji ya nusu lita kitakoni ili avutie dawa humo, tundu lienee mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni kwa gundi. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha chupa hiyo inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Napendekeza kila zahanati iwaite wagonjwa wake wa pumu mwezi Aprili, kabla pamba haijafika maghalani, iwaangalie wanavyovuta dawa na kuhakikisha ya kutuliza uvimbe wanayo mkononi.