CD Mkononi au Gemu Hewani: Kipi ni Chako?

(Mazungumzo haya yalitolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, Dodoma. Tunayachapa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Katibu aliponiomba nizungumzie jambo linalowagusa vijana, nadhani alitegemea nichague mitihani au ajira. Nimechagua gemu. Najua wamo wazee humu ambao kwao gemu ni upotevu wa wakati, nami sitabishana nao leo. Lakini gemu hununuliwa kwa fedha, na fedha hiyo ni ya mzazi, au ya kijana aliyeihangaikia wakati wa likizo. Isitoshe, wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam, Uarabuni, Ulaya au Marekani, kila tunaporudi nyumbani huombwa na wapwa na wadogo zetu tuwaletee mashine ya kuchezea. Kwa hiyo swali langu ni la mali: mtu anapolipia gemu, amenunua nini hasa?

Njia za kununua ni mbili. Ya kwanza ni kupata nakala inayoshikika, ile tunayoiita CD, ingawa kwa utaalamu nyingi siku hizi ni Blu-ray, au kadi ndogo kama za Nintendo Switch. Ya pili ni kulipa kwa intaneti na kupakua gemu moja kwa moja katika mashine. Mimi nasimama upande wa nakala inayoshikika. Nitatoa sababu zangu, na nitasema pia mahali ambapo sababu hizo zina upungufu.

Tuanze na michezo tunayoifahamu. Bao likishachongwa hupita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Drafti ya vizibo vya soda iliyochorwa juu ya ubao huweza kuchezwa na darasa baada ya darasa. Hakuna awezaye kuja usiku kuziba mashimo ya bao kwa sababu fundi aliyelichonga amefunga karakana yake. CD ya gemu imefuata desturi hiyo hiyo. Mwenye nayo huicheza, humwazima mwenzake, huibadilisha kwa nyingine, huiuza akiichoka, na humwachia mdogo wake anapokwenda chuo. Haki hii ni ya zamani hata kisheria. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bobbs-Merrill na Straus, iliamua kwamba mchapishaji akishauza kitabu, sheria ya hakimiliki haimpi uwezo wa kupanga bei ambayo kitauzwa tena na mwingine.

Hapa kwetu CD imefanya kazi kubwa kuliko kuburudisha. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na zaidi ya mashine milioni 150 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Ndiyo iliyojaza vibanda vya gemu katika miji yetu. Mwenye kibanda alihitaji televisheni, mashine, pedi mbili na CD za mpira, na watoto wakalipa kwa mechi. Kwake CD ilikuwa mtaji. Lakini tuseme kweli, nyingi katika CD zile zilinakiliwa bila idhini, jambo linalokatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sikuja kuzitetea. Ninayoizungumzia ni nakala halali, iwe mpya au iliyokwisha tumika.

Sasa tuitazame gemu ya kupakua. Mnunuzi huona kitufe kilichoandikwa “nunua”, lakini masharti yaliyo chini yake, ambayo wachache huyasoma, husema kwamba amepewa ruhusa tu ya kutumia. Ruhusa hiyo hufungwa katika akaunti yake, na kwa kawaida hairuhusiwi kuuzwa wala kuhamishiwa mtu mwingine. Jambo hili limewasumbua hata wenzetu walioendelea. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za namna hii wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Katika nchi ya mvua chache kama Ugogo, mtama huwa wa uhakika ukishakuwa ndani ya kihenge chako. Leseni ni mtama ulio katika kihenge cha mtu mwingine, na ufunguo anao yeye.

Je, mwenye ufunguo huutumia? Nitatoa mifano miwili. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha vilipia, baada ya kugundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wasomaji walirudishiwa fedha, na kampuni iliomba radhi, lakini hakuna aliyeulizwa kwanza. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga maduka ya intaneti ya mashine zake za Wii U na 3DS. Gemu zilizouzwa kwa kupakua tu, na hazikuwahi kutolewa kwa CD wala kadi, zikawa hazina tena mahali halali pa kununuliwa kwa mashine hizo. Mwaka huo huo taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Anayetaka kuzicheza hutafuta CD au kadi ya zamani iliyotunzwa na mtu.

Ndugu zangu, kwetu Watanzania kuna jambo jingine. Maduka haya hayakujengwa kwa kutufikiria sisi. Mwezi Februari 2024 kampuni ya Sony ilitoa gemu iitwayo Helldivers 2, ikauzwa pia kwa watumiaji wa kompyuta katika nchi nyingi. Mwezi Mei ikatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta nao watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, hazikuwa katika orodha ya huduma hiyo, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Malalamiko yalikuwa makubwa, na baada ya siku chache Sony ililiacha sharti la akaunti. Gemu hiyo huchezwa kwa intaneti, kwa hiyo CD peke yake isingeiokoa. Nimeitaja ili tuone jinsi mlango unavyoweza kufungwa kwa sababu ya mahali mtu anapoishi.

Vijana wengi katika nchi kama yetu wamefungua akaunti kwa kujiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Masharti hayaruhusu kutoa maelezo ya uongo, na akaunti ikifungwa, gemu zote zilizomo zimekwenda. CD ya PlayStation 4 iliyonunuliwa London huingia katika mashine iliyopo Chang'ombe au Kikuyu hapa Dodoma ikacheza bila kuuliza pasipoti.

Kisha ipo hesabu ya bando, na hii wanafunzi waifanye wenyewe. Gemu kubwa ya siku hizi huweza kuwa na gigabaiti 50, na zipo zinazozidi 100. Kwa intaneti yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde isiyoyumba, gigabaiti 50 huchukua takriban saa 11. Kasi ikishuka nusu, ni saa 22. Chukueni bei ya kifurushi mnachonunua, mzidishe, halafu mjumlishe na bei ya gemu yenyewe. Kumbukeni pia kwamba tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za EASSy na Seacom baharini iliidhoofisha sana intaneti ya Afrika Mashariki, nchi yetu ikiwamo. Siku hiyo gemu iliyokuwa katika CD ilichezeka kama kawaida.

Sasa niseme upungufu wa upande wangu, maana anayetetea jambo kwa kuficha kasoro zake hasaidii wanaomsikiliza.

Kwanza, CD huharibika. Hapa Dodoma, wakati wa kiangazi, upepo na vumbi huingia kila mahali. CD hukwaruzika, na jicho la mashine huchoka. Basi ishikwe pembeni, ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje na si kwa kuzungusha, irudishwe katika kasha lake, na isiachwe juani.

Pili, gemu za kupakua mara nyingi hupunguzwa bei, na watengenezaji wadogo wasio na fedha za kuchapisha CD wasingeweza kuuza kazi zao kwa njia nyingine. Hilo ni jema, wala sitaki tulidharau.

Tatu, na hili ndilo zito, si kila kasha lina gemu ndani. Gemu ya magari ya The Crew, iliyotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2014, iliuzwa pia kwa CD. Lakini ilitegemea mitambo ya kampuni hata kwa mtu anayecheza peke yake. Mitambo hiyo ilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, aliyepakua na aliyekuwa na CD walibaki sawa: mikono mitupu. Nintendo Switch 2, iliyotoka mwezi Juni 2025, nayo ina baadhi ya kadi ambazo ndani yake hamna gemu, ila ufunguo wa kwenda kuipakua.

Kwa hiyo, vijana, plastiki peke yake si kinga. Tunachokitafuta ni kitu kitakachoendelea kufanya kazi hata muuzaji akiondoka. CD iliyokamilika ndiyo njia rahisi zaidi ya kukipata, lakini zipo nyingine. Duka la GOG la Poland, kwa mfano, huuza gemu za kompyuta zisizo na kufuli, na mnunuzi huhifadhi nakala yake mahali anapotaka. Nakala ya namna hiyo naihesabu karibu sawa na CD.

Kabla ya kutoa fedha, basi, ulizeni maswali matatu. Je, gemu hii inafunguka bila intaneti? Je, gemu yenyewe imo ndani ya kasha, au mna ufunguo tu? Na je, nikiichoka naweza kumpa mwenzangu? Majibu yote matatu yakiwa mazuri, lipeni. Yakiwa mabaya, jueni kwamba mnakodi, na bei iwe ya kukodi.

Nanyi kaka zangu mnaonunulia ndugu, angalieni mashine kabla ya kuifunga katika sanduku. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa na aina mbili, na moja haina mahali pa kuingizia CD. Ndivyo ilivyo pia Xbox Series S. Huwa na bei nafuu dukani, lakini mtoto aliyeko Kondoa au Mpwapwa akishapewa mashine ya namna hiyo, kila gemu atakayoicheza itapitia bando. Hataweza kuazima kwa jirani wala kununua iliyokwisha tumika. Nafuu uliyoipata wewe atailipa yeye.

Wapo watakaosema kwamba wakati umebadilika na hatuwezi kuuzuia. Mimi sikubali kwamba mnunuzi hana sauti. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingeweka vizuizi juu ya gemu zilizokwisha tumika na ingetaka kuunganishwa na intaneti kila baada ya saa 24. Wanunuzi walikataa, na mwezi Juni mwaka huo huo, hata kabla mashine haijaingia sokoni, kampuni ilifuta mpango huo. Mwaka 2025 watu zaidi ya milioni moja wa Umoja wa Ulaya walitia sahihi wakitaka kampuni zisiruhusiwe kuua gemu ambazo watu wamekwisha zinunua. Makampuni husikiliza pale wanunuzi wanapojua wanachokitaka.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Waliokuwa hapa kabla yenu waliwaachia vitabu katika maktaba, na ninyi mnavisoma bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu vilinunuliwa na vikawa mali ya shule. Nanyi mnaponunua, iwe gemu, kitabu au muziki, nunueni kwa namna ambayo mtakuwa na kitu cha kuwaachia watakaolala katika vitanda hivi baada yenu.