Kulala hemani kando ya Ruzizi
Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na kushuka kwa kasi makorongoni hadi Kamanyola, ambako milima huisha na bonde hufunguka kuelekea Ziwa Tanganyika. Hema hupigwa mahali palipoinuka, mbali na ukingo: mvua ikinyesha huko juu, mto hujaa hata kama bondeni jua linawaka. Kuna pia viboko, ambao usiku hutoka majini kwenda kula majani. Njia walizozikanyaga si mahali pa kulala hata kidogo. Maji huchotwa mchana, kwa hofu ya mamba. Bondeni chandarua ni lazima. Msituni Kahuzi-Biega, hifadhi ya mlimani iliyoanzishwa mwaka 1970, kinachohitajika kwanza ni blanketi zito.