GARI LA FAMILIA LISITULIE SHAMBA
(Hotuba kwa wanachama)



Fedha za mazao zimelipwa, na baadhi yetu tunataka gari la familia. Si vibaya, mgonjwa hangoji basi la kesho. Lakini tusichague kwa rangi wala ukubwa.

Kwanza, mafuta. Tupige hesabu. Tuseme mjini kwenda na kurudi ni kilometa 120. Gari linalokwenda kilometa 15 kwa lita moja litakunywa lita 8. Linalokwenda kilometa 8 litakunywa lita 15. Tofauti ni lita 7. Kwa safari 50 ni lita 350. Ada ya mtoto hiyo! Tusisadiki maneno ya dalali. Tujaze tenki, twende, tujaze tena, ndipo tugawe kilometa kwa lita.

Pili, uzima. Tuwashe injini ikiwa imepoa. Moshi wa bluu maana yake inachoma oili. Chini ya kifuniko cha oili tukiona utando kama maziwa, huenda maji yameingia. Fundi apime kwanza, na awe fundi wetu, siyo wa muuzaji.

Tatu, vipuri. Toyota Probox ya cc 1300 au 1500 haina fahari, ila inabeba watu watano na mzigo, na mafundi wengi wanaijua.

Mwisho, fedha zote zisiishie kwenye kununua. Tubakize za matairi, bima na matengenezo. Gari hununuliwa siku moja, hulishwa kila siku.