Hewa Inayoinua Merikebu za Angani

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za merikebu za angani, na hasa hewa iliyotiwa ndani yake, maana humo ndimo ulimokuwa uzima wa watu wake na mauti yao.

Debe tupu lililozibwa mdomo huelea majini, kwa kuwa ni jepesi kuliko maji linayoyasukuma. Ndivyo ilivyo merikebu ya angani. Hewa tuivutayo, ikijaa sanduku la mita 1 kila upande, hupata uzito wa kilo 1 na robo hivi. Haidrojeni katika sanduku lilo hilo haifiki hata sehemu ya kumi ya kilo. Heliamu ni nzito kuliko haidrojeni mara mbili, lakini msidhani kuwa huinua nusu tu: nguvu yake hupungua kadiri ya sehemu 8 katika 100.

Tofauti kubwa ni moto. Heliamu haiwaki kabisa. Haidrojeni iliyochanganyika na hewa yatosha cheche moja. Mbona basi Wajerumani waliitumia? Kwa sababu haidrojeni hutengenezwa kwa urahisi, na heliamu ilikuwa ya Wamarekani, ambao kwa sheria ya 1927 walizuia isiuzwe nje bila idhini.

Novemba 1917 merikebu L 59 ilitoka Bulgaria kuwaletea dawa na risasi askari wa von Lettow-Vorbeck huku Afrika ya Mashariki. Ilipofika karibu na Khartoum ikaitwa kwa simu ya upepo, ikarudi salama baada ya saa 95 angani. Aprili 1918 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, asipone hata mtu mmoja. Tena tarehe 6 Mei 1937, huko Lakehurst, Marekani, Hindenburg iliteketea kwa muda usiotimia dakika moja. Katika watu 97 waliokuwamo wakafa 35, na mtu 1 aliyekuwa chini.

Lakini heliamu haizuii tufani. Akron ya Wamarekani ilijazwa heliamu, na tarehe 4 Aprili 1933 dhoruba ikaiangusha baharini. Moto haukuwapo, wala makoti ya kuelea hayakuwapo. Katika watu 76 wakaokoka 3.

Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa heliamu imeonekana bonde la Rukwa, Tanzania. Hutoka pamoja na maji ya moto ya chemchemi, na mchota maji haioni wala hainusi.