Kuchelewa Ahadi Baada ya Dhoruba

(Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nairobi)



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache kabla Mweka Hazina hajasoma hesabu. Neno letu ni juu ya mwanachama aliyepatwa na dhoruba, akaokoka yeye na watoto wake, kisha akashindwa kutimiza ahadi zake za kila siku. Tumelichagua kwa kuwa katika orodha ya wadaiwa itakayosomwa leo wamo watu ambao majina yao yaliingia humo katika masika ya mwaka 2024, na mpaka sasa hayajatoka.

Habari za mvua zile mwazijua. Mito ilipita kingo zake, maji yakaingia nyumbani mwa watu huko Mathare na Mukuru. Karibu na Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yenye matope na mawe yalishuka kwa ghafula, yakachukua nyumba na watu waliokuwa wamelala. Nchini kote walikufa watu zaidi ya 200, na zaidi ya 200,000 walihama makao yao. Waliokufa tuliwalilia, na waliohama wakapewa blanketi na unga. Lakini ardhi ilipokauka msaada nao ulipungua, na hapo ndipo ilipoanza taabu ambayo haikuandikwa sana magazetini.

Na tuitazame taabu hiyo kama karani aitazamavyo hesabu. Kibarua hulipwa kwa siku, na siku anazotoa matope nyumbani ni siku asizopata ujira. Godoro limeoza, jiko limesombwa, sare za watoto zimepotea, kitambulisho kimelowa hata hakisomeki, naye hana budi kupanga foleni apate kingine. Wakati huo huo mwisho wa mwezi haungoji. Mwenye nyumba ataka kodi, mwenye duka ataka deni lake la unga na sukari, shule yataka karo, nasi Chama twataka ada. Pengine hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kubwa mno, ila zote zimefika mlango mmoja siku moja. Akimlipa mmoja, watatu watamwita mtu asiye na ahadi.

Kisha huingia aibu, nayo hudhuru kuliko deni. Mtu hubadili njia ili asipite mbele ya duka. Simu ikilia haipokei. Siku ya mkutano hukaa nyumbani kwa kuwa hana cha kutoa, na mwezi wa pili huona vigumu zaidi kuja kuliko mwezi wa kwanza. Aliyemdai hajui kama amekwama au amekimbia, naye hudhani lililo baya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Deni nalo ni vivyo hivyo.

Hapa twaomba mkumbuke jambo moja la mwaka ule. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Serikali ilipoona haiwezekani, ilitangaza kuwa zitafunguliwa tarehe 6 Mei. Siku hiyo nayo ilipokaribia na mvua ingali ikinyesha, ilitangaza tena kuwa zimeahirishwa, na mwisho zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Ikiwa Serikali, pamoja na nguvu zake zote, ilishindwa na tarehe yake mara mbili, si ajabu kibarua wa Mukuru kushindwa na yake. Tofauti ni kwamba Serikali ilisema, na kila mzazi akajua wapi asimame. Kuchelewa kulikotangazwa ni ahadi iliyosogezwa mbele. Kuchelewa kwa kimya hufanana na ahadi iliyovunjwa.

Wala jambo hili si jipya katika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa kutumainia mavuno. Sasa mkarafuu ukipandwa hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, lakini deni halikujua habari za mti. Dhoruba hupita kwa siku moja, deni hudai kila mwezi, na mtu huinuka kwa kadiri ya mti wake. Anayepima hasara kwa siku za mvua tu atamhukumu jirani yake kwa haraka.

Turudi katika Chama chetu. Kanuni yasema mwanachama asiyelipa ada kwa miezi mitatu hupoteza haki yake katika Mfuko wa Maziko. Kanuni hiyo ni njema, nasi hatuombi ifutwe. Yuko mjane aliyelipa ada yake hata katika wiki ambayo nyumba yake ilijaa maji. Tukisamehe madeni ovyo tutakuwa tumechukua jasho lake tukampa mwingine. Lakini kanuni ile ile, ikishikwa bila kuuliza sababu, yaweza kumwacha mtu aliyelipa miaka kumi akakosa jeneza la mtoto wake kwa ajili ya miezi minne ya matope. Hilo nalo si haki, na si kwa ajili hiyo wazee wetu waliunda Chama.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu myapime. La kwanza, mwanachama aliyepatwa na maafa atoe habari kwa Mweka Hazina au kwa mzee wa mtaa wake kabla siku 30 hazijapita, kwa mdomo, kwa simu au kwa kumtuma jirani. La pili, akiisha kutoa habari, haki yake ya maziko isimame kwa miezi sita, na deni libaki daftarini lote, alilipe kidogo kidogo kwa kiasi alichokitaja mwenyewe. La tatu, asiyetoa habari atembelewe na wazee wawili kabla jina lake halijakatwa, maana mara nyingi anyamazaye ndiye aliyeumia zaidi.

Nasi wanachama yatupasa kufanya sehemu yetu. Tukipatwa, tuanze na chakula, dawa, paa na chombo cha kazi, kisha twende kwa kila anayetudai tukiwa na maneno matatu: kilichotupata, kiasi tuwezacho, na siku tutakayoleta. Hata shilingi 50 zilizoletwa siku iliyotajwa hulinda jina la mtu.

Masika yatarudi, na mito ingali pale pale. Bwana Mwenyekiti, leo twaomba tendo moja dogo: kabla orodha ya wadaiwa haijapigiwa kura, mbele ya kila jina iandikwe sababu ya kuchelewa, na pasipo na sababu iliyojulikana, wazee wawili watajwe hapa hapa wa kwenda kuuliza.